Maswali na majibu: Shahada ya kwanza huku, uzamili kule

Barua za mwezi huu zimetoka Newala, Lindi Mjini, Nachingwea, Masasi na Mtwara, na zote zinazunguka jambo moja: mtu amemaliza shahada ya kwanza chuo fulani, sasa anataka uzamili chuo kingine. Barua ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu nyingine zinaiegemea.

Nilihitimu shahada ya ualimu, Kiswahili na Jiografia, mwaka 2021 hapa hapa Mtwara. GPA yangu ni 3.4 na sasa nafundisha sekondari. Natamani kusoma uzamili wa Kiswahili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini wenzangu ofisini wananikatisha tamaa: eti vyuo vikubwa huanza na waliosoma kwao, sisi wa nje tunajazia nafasi zilizobaki. Ni kweli? Kama si kweli, nianzie wapi?
*Mwalimu, Newala*

Mwalimu, si kweli kwa namna wanavyoisema. Kuhama chuo baada ya shahada ya kwanza ni jambo la kawaida, na sifa za kujiunga zinazotangazwa ni zilezile kwa wote. Kilicho kweli ni kwamba mwombaji aliyesoma palepale anajulikana. Mhadhiri anayepitia faili lake huenda aliwahi kumfundisha, akamsahihishia kazi, akamwona akiwasilisha mada. Wewe hakujui. Karatasi zako ndizo zitakazokusemea, na karatasi za waombaji wengi kutoka nje ni bubu: cheti, transkripti, basi.

Anza na alama. Katika mfumo wetu, daraja la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4, la juu ni 3.5 hadi 4.3, na la kwanza linaanzia 4.4. Kiwango cha kawaida cha kuingilia uzamili ni 2.7, kwa hiyo mlango uko wazi. Lakini idara haiishii kwenye GPA. Shahada ya ualimu imegawanyika mafungu matatu: somo la kwanza, somo la pili, na kozi za elimu zenyewe. Chukua transkripti yako na kalamu ya rangi, pigia mstari kila kozi ya Kiswahili: fonolojia, mofolojia, sintaksia, fasihi simulizi, nadharia za fasihi, tafsiri. Tafuta wastani wa hizo peke yake. Zikiwa na B na B+ nyingi, wewe ni mwombaji mzuri hata kama saikolojia ya elimu ilikushusha. Utaje wastani huo waziwazi kwenye barua yako ya maombi, maana anayesoma mafaili mengi kwa siku hatakaa akupigie hesabu. Zikiwa na C nyingi, na kilichobeba GPA ni Jiografia, heri ulijue leo: huenda uzamili wa Jiografia au wa Elimu ndiko transkripti yako itakakokutetea vizuri zaidi.

Jambo la pili ni muhtasari wa kozi. Jina la kozi halisemi mengi. "Isimu ya Kiswahili 2" chuo kimoja ni sintaksia, kingine ni isimujamii. Rudi chuo ulichosoma, omba idara ikupe muhtasari wa kozi zako za Kiswahili, ukurasa mmoja kwa kila kozi, uliogongwa muhuri. Huna umbali wa kukuzuia, na ni kazi ambayo waombaji wengi hawaifanyi.

Transkripti iombe mapema. Ile taarifa ya matokeo unayopewa wakati wa kumaliza si transkripti, na miaka kadhaa baada ya kuhitimu chuo hakitaelewa kwa nini bado unaitumia. Kinachochelewesha mara nyingi ni fomu ya kumalizana na chuo: kitabu cha maktaba hakikurudishwa, ada ya hosteli ina salio dogo, na hakuna aliyekuambia. Omba nakala mbili, na moja uombe ifungwe kwenye bahasha yenye muhuri uliogongwa juu ya kingo, pale kifuniko kinapokutana na bahasha. Hiyo usiifungue. Ukiifungua hata kwa nia ya kupiga picha tu, muhuri umekatika na thamani yake imekwisha.

Wadhamini wa kitaaluma ni wawili, pengine watatu. Siku hizi mfumo wa maombi hutuma kiungo kwenye barua pepe ya mdhamini, na hapa ndipo maombi mengi hufia. Mwombaji anaandika anwani ya chuo ya mhadhiri ambaye alishahamia kwingine, kiungo kinakwenda kusikosomwa, tarehe inapita. Mpigie simu mdhamini kabla ya kujaza fomu, umuulize anatumia anwani ipi kwa sasa. Mpelekee transkripti yako, kichwa cha utafiti uliofanya kwake, na mistari mitano kuhusu unachotaka kusoma. Mhadhiri aliyefundisha darasa la watu mia tatu hawezi kukukumbuka kwa jina tu. Ukimpa vitu vya kushika ataandika barua yenye nyama. Siku tatu baadaye muulize kwa adabu kama kiungo kimefika.

Sasa tuje kwenye lenye uzito kuliko yote: msimamizi. Waombaji wengi huchagua chuo kwanza kwa jina, wakapangiwa msimamizi baadaye, kisha wakagundua idara nzima haina anayeshughulika na wanachokitaka. Wewe fanya kinyume chake. Ingia kwenye hazina ya machapisho ya chuo kwenye intaneti, soma ikisiri za tasnifu za miaka mitano iliyopita, andika pembeni jina la msimamizi wa kila unayoipenda. (Tafuta kwa maneno yote mawili, "uzamili" na "umahiri", vyuo vingine sasa huiita shahada hiyo umahiri, na ukitafuta kwa neno moja utakosa nusu ya kazi.) Baada ya jioni mbili tatu utakuwa na majina mawili ya watu ambao kazi yako ingewahusu.

Na mada usiende kuitafuta mbali. Uko Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde, umezungukwa na Kimakonde, Kimakua na Kiyao vinavyoishi pamoja na Kiswahili kila siku. Watoto unaowafundisha wanahama kutoka lugha moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja. Nyimbo za jando na unyago bado zinaimbwa. Msomi wa Dar es Salaam angehitaji nauli, posho na mkalimani ili afike hapo ulipo. Mwandikie huyo mhadhiri barua fupi ya namna hii:

"Mheshimiwa Daktari, naitwa fulani, ni mwalimu wa Kiswahili Newala, nina shahada ya ualimu (GPA 3.4, wastani wa kozi za Kiswahili 3.8). Nimesoma tasnifu mbili ulizosimamia kuhusu uhamishaji msimbo. Ninafikiria kuchunguza namna wanafunzi wa kidato cha kwanza wenye Kimakonde kama lugha ya kwanza wanavyotumia viambishi vya ngeli katika insha zao. Nina ruhusa ya mkuu wa shule kutumia insha za madarasa mawili. Naomba kuuliza kama mada hii iko ndani ya mambo unayoyasimamia. Nimeambatisha dhana ya kurasa mbili."

Inatosha. Usiandike wasifu wa maisha yako, na usimwombe akusaidie kupata nafasi, maana udahili hautolewi na mtu mmoja. Na kila ulichokitaja kiwe kweli: usiseme umesoma tasnifu ambazo hukuzisoma, wala una ruhusa ambayo hujaiomba. Asipojibu kwa wiki mbili, andika mara moja tena, kisha nenda kwa wa pili. Akijibu kwamba mada inamhusu, mtaje jina kwenye maombi yako. Hapo faili lako si bubu tena.

La mwisho, wewe ni mtumishi wa umma. Uwe umethibitishwa kazini, jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, na barua ya kuomba ruhusa ya masomo ipite kwa mkuu wa shule hadi kwa Mkurugenzi. Kosa linalojirudia ni mtu kupata udahili, kulipa ada, kisha ndipo aombe ruhusa. Mwajiri akikataa, unabaki na njia mbili mbaya: kupoteza ada au kuondoka bila ruhusa, na kuondoka bila ruhusa ni utoro kazini. Omba ruhusa mara tu unapowasilisha maombi chuoni. Usisubiri barua ya udahili itoke.

Cheti changu cha kidato cha nne kimeandikwa Fatuma Hamisi Saidi, cha chuo kimeandikwa Fatuma S. Hamisi. Mfumo wa maombi wa chuo kipya unaniletea jina la kidato cha nne na siwezi kulibadilisha. Nifanye nini?
*Mhitimu, Lindi Mjini*

Dada, mfumo hauna kosa. Unavuta jina lako kutoka Baraza la Mitihani kwa namba ya mtihani, ile inayoanza na S au P, ikifuatiwa na namba ya kituo, ya mtahiniwa na mwaka. Kwetu kusini shida hii ni ya kila siku: shuleni mtoto aliandikishwa kwa jina la baba na la babu, chuoni akayapindua.

Acha jina la kidato cha nne kama lilivyo. Nenda kwa wakili au mahakamani, uape kiapo kinachotaja majina yote mawili kama yalivyoandikwa, herufi kwa herufi pamoja na vifupisho, na kinachosema ni ya mtu mmoja. Kiapo kinatosha pale ambapo majina yote ni yako na kilichobadilika ni mpangilio. Ungekuwa umeacha jina kabisa ukachukua jipya, hapo ingehitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Kiapo ukiskani pamoja na cheti cha chuo, faili moja, kiapo kiwe ukurasa wa kwanza. Ukivipakia mbalimbali, atakayefungua cheti ataona jina geni na kukataa kabla hajafika kwenye kiapo. Na ukishapata udahili, angalia jina lililoandikwa kwenye barua ya udahili siku hiyohiyo. Kosa la jina hurekebishika wiki ya usajili. Likifika kwenye cheti cha uzamili ni kazi nyingine.

Ni afisa ugani. Nataka uzamili Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ingawa shahada ya kwanza sikusoma huko. Utafiti wangu ningependa uhusu ugonjwa wa ubwiriunga kwenye mikorosho. Naweza kusoma huku nikifanya kazi? Na kuna la kujihadhari nalo?
*Nachingwea*

Kuhusu muda, tuhesabu. Kwa mfumo wa Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, vipindi na kujisomea vikiwa pamoja, na uzamili ni krediti 180 kwa uchache: saa 1,800. Ukiweza kupata saa 12 kwa wiki bila kukosa, ni wiki 150, karibu miaka mitatu. Ukipata 20, ni wiki 90. Atakayekuambia utamaliza kwa mwaka mmoja na nusu huku unazunguka vijiji kila siku hajapiga hesabu hiyo. Wengi hufanya hivi: ruhusa ya masomo kwa kipindi cha kozi za darasani Morogoro, kisha kurudi kituoni na kufanya utafiti palepale.

La kujihadhari nalo ni kalenda, na kwa mada yako ndilo litakalokuokoa au kukuangusha. Ubwiriunga hushambulia machipukizi na maua machanga katika miezi ya baridi na ukavu, Juni hadi Agosti hivi, ndiyo maana wakulima hupuliza salfa wakati huo. Kalenda ya chuo haijui hilo. Pendekezo lako la utafiti likipitishwa Septemba, maua yameshapita na unasubiri mwaka mzima kwa ajili ya mti. Hesabu kurudi nyuma: ili uwe shambani Juni mwanzoni, vibali viwe mkononi Mei, pendekezo liwe limepita Machi, na rasimu ya kwanza iwe mezani kwa msimamizi Desemba. Mweleze msimamizi hivyo siku ya kwanza mnayokutana. Mtu wa maabara huenda hana haraka hiyo.

Nenda pia TARI Naliendele, nje kidogo ya Mtwara Mjini. Ndicho kituo cha utafiti wa korosho nchini, na ukipata mtafiti wa pale akubali kuwa msimamizi wa pili, utapata mashamba yenye kumbukumbu za miaka mingi na aina za mikorosho zinazojulikana kwa majina. Makubaliano hayo yawe kwa maandishi, na chuo kiyapokee kabla hujaanza kukusanya data.

Kama utahoji wakulima, usiwaendee Oktoba na Novemba. Wako shambani wanaokota, jioni wako ghalani kwenye chama cha msingi, na mnada ukikaribia hakuna atakayekupa dakika 40. Na usijibebeshe idadi usiyoiweza. Kwa fomula ya Yamane, ile ya kukadiria ukubwa wa sampuli, kaya 1,200 na kosa la asilimia 5 zinakupa wahojiwa 300. Kwa dakika 40 kila mmoja ni saa 200 za kuhoji tu, bila safari. Ukikubali kosa la asilimia 10 ni 93. Amua na msimamizi wako ipi inakidhi swali lako, lakini amua ukijua hizo saa.

Vibali vina ngazi zake: chuo kinakupa barua ya utambulisho, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakuandikia wilayani, wilaya na halmashauri zinakuandikia mtendaji wa kata, naye mtendaji wa kijiji. Beba nakala za ziada, kwa sababu kila ofisi inabaki na moja. Wewe unafahamika vijijini kama bwana shamba, na ndiyo sababu zaidi ya kufuata ngazi: mkulima ajue leo umekuja kama mwanafunzi, na kwamba akikataa kujibu hatanyimwa huduma.

Nina shahada ya biashara, GPA 2.5. Ni mhasibu wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Vyuo vyote ninavyoviona vinataka 2.7. Nikate tamaa?
*Masasi*

Hapana, ila usipoteze ada za maombi kwa kubahatisha. Njia inayofahamika ni stashahada ya uzamili, ya mwaka mmoja, katika fani unayotaka. Ukiifaulu vizuri inakuwa sifa yako ya kuingilia uzamili, na ile 2.5 inakaa nyuma. Kabla ya kujisajili soma mambo mawili kwenye tangazo la chuo unakotaka kwenda baadaye: wanataka GPA gani ya stashahada hiyo, na je, wanakubali iliyotolewa na chuo kingine. Na ukiingia uzamili ujue kipimo kimepanda. Alama C iliyokuwa inakupitisha kwenye shahada ya kwanza, kwa vyuo vyetu vingi huku ni kufeli, kwani alama ya kufaulu ni B.

Kijana wetu amepata udahili wa uzamili chuo cha nje ya nchi na wanataka ada ilipwe haraka. Sisi ni wakulima, fedha hiyo ni ya msimu mzima. Tutajuaje kama chuo ni cha kweli? Na hakuna ufadhili?
*Mzazi, Mtwara*

Shikamoo mzee wetu. Usilipe chochote wiki hii. Haraka hiyo yenyewe ni dalili ya kutilia shaka, kwa kuwa chuo makini hutoa barua yenye tarehe ya mwisho inayoeleweka.

Kwanza, chuo kiwe kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake. Kwa Kenya ni CUE, kwa Uganda ni NCHE. Nchi nyingine nazo zina zao, na orodha ziko kwenye tovuti zao. Pili, kijana aandikie Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kuulizia chuo hicho na programu hiyo. Akirudi na cheti cha nje atahitaji TCU ikitambue ndipo kimfae kwenye ajira ya umma, kwa hiyo ni afadhali kuuliza kabla. Angalieni programu yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa halali na kozi fulani isiwe na ithibati. Tatu, akaunti ya malipo iwe kwa jina la chuo. Ikiwa ni ya mtu binafsi au ya wakala, acheni.

Ufadhili upo, lakini hauombwi baada ya udahili wa haraka. Huombwa karibu mwaka mmoja kabla. Chevening ya Uingereza inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani kama miaka miwili, inamtaka mwombaji achague kozi tatu, na akimaliza arudi nyumbani kwa miaka miwili. Ufadhili wa DAAD wa Ujerumani kwa kozi za maendeleo hutaka pia miaka miwili ya kazi, na kwa kawaida shahada ya kwanza isiwe imepita miaka sita. Kijana aliyemaliza juzi hajatimiza masharti hayo. Afanye kazi kwanza, na barua za mwajiri azitunze, zenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kama alisoma kwa mkopo, akumbuke pia kwamba akiajiriwa Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara. Hesabu ya ada ya uzamili ifanywe kwenye kinachobaki.

Kama familia inaona ada ya nje ni nzito, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo Mtwara na Lindi, na anaweza kusoma bila kuhama nyumbani. Safari zitakazobaki ni chache, lakini zisipangwe kwa kubana. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, na Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika upande wa Somanga na mabasi yakakwama. Akiitwa kutetea tasnifu wakati wa masika, asafiri siku tatu kabla, na wasilisho lake awe ameshalituma kwa barua pepe kwa msimamizi kabla ya kupanda basi.